Mama, Leo Sikufunika Vioo

Mama yangu, shikamoo.

Leo mchana radi imepiga Mbagala na sikufunika vioo. Naanza na hilo kabisa, kabla kaka Elia hajakusomea mengine, ili kama ni kukasirika ukasirike mapema, upoe, ndipo tuendelee. Nilichomoa draya, nikachomoa pasi ya nywele na chaja za simu za wateja, nikafunga dirisha. Vioo vyote vinne vya saluni niliviacha wazi, pamoja na kile kikubwa kinachoanzia karibu na dari. Mwanga wa radi ulipopita ndani yake, dada niliyekuwa namsuka alinikumbatia kiuno. Nikamtoa mikono taratibu nikaendelea kusuka.

Nje ya saluni kuna mkungu mrefu. Wewe huujui kwa sababu hujawahi kufika, lakini katika mtaa huu hakuna kitu kirefu kuliko huo mti. Chini yake vijana wa bodaboda walikuwa wamejibanza na pikipiki zao, helmeti kichwani, wanasubiri mvua ipungue. Nikasimama mlangoni nikawapigia kelele: "Nyie! Tokeni hapo chini ya mti, njooni ndani!" Wakaja mbio wanacheka, maji yanawachuruzika. Yule wa mbele alipoinua uso akakiona kile kioo kikubwa, akasimama ghafla mlangoni mpaka wenzake wakamgonga mgongoni.

"Sista, vioo umeviacha wazi?"

"Unaviona."

"Na radi hii? Aisee, mie bora nirudi kulekule kwenye mti."

Na akageuka kweli, Mama. Nilimshika kola ya koti lake la mvua. Nikamwambia akitoka namvua helmeti namsuka mabutu mbele ya wenzake. Wanawake wakacheka, vijana wakacheka zaidi, yule akakaa kwenye benchi huku amekipa kioo mgongo. Mvua ilipokatika alikuwa amekwishageuka, anachana nywele kwa kitana changu bila kuniomba. Mimi nilikuwa nimecheka pamoja nao, lakini cheko langu halikufika mbali, kwa sababu tangu alipogeuka kuurudia ule mti nilikuwa nakufikiria wewe.

Barua hii ningeweza kuituma kwenye simu ya Elia, ukasomewa wewe peke yako sebuleni kwake Boko, ikaishia hapo. Nimeamua iwe wazi, aisome anayetaka. Sababu utaiona ukifika mbele. Usimruhusu Elia aruke mahali, namjua.

Unakumbuka nyumba yetu ya hapa Mbagala, vile vyumba viwili vya kupanga? Kioo kilikuwa kimoja tu, kile cha Baba cha kunyolea, kwenye msumari juu ya meza ya redio. Wingu likianza kujikusanya hukuhitaji kusikia ngurumo. Uliinua pua kana kwamba kuna kitu kinaungua jikoni, kisha ukaita: "Kioo!" Hukutuita majina. Elia alijua kazi yake ni kuchomoa redio na kuingiza nguo zilizoanikwa, na mimi nilijua yangu ni kupanda kwenye stuli na kufunika kioo. Wala hukukubali kifunikwe kwa kitambaa chochote kile. Ulinipa kitenge chako cha kanisani, kile cha maua ya bluu, ambacho siku nyingine zote hukutaka tukiguse. Nilijiona mtu mkubwa sana pale juu ya stuli.

Nguo nyekundu nazo zilikuwa na kesi yake. Masika yakiingia ulipita nyumba nzima ukikusanya kila chenye rangi hiyo, sweta langu, soksi za mpira za Elia, hata kifuniko cha chupa ya chai, ukavifungia kwenye begi mpaka mvua ziishe. Elia alicheza mpira msimu mzima na soksi moja ya bluu na nyingine ya njano, akapewa jina ambalo sitaliandika hapa kwa heshima ya cheo chake cha sasa.

Kioo kikishafunikwa ulikaa mkekani, ukaniweka katikati ya magoti yako, ukaanza kunisuka. Kwetu mvua na kusuka vilikuwa kitu kimoja. Nilikuuliza siku moja nitajionaje na kioo kina kitenge. Ukanigonga na kitana begani. "Kioo chako mie. Mie nikisema umependeza, umependeza." Radi ikipiga mbali mkono wako ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Ikipiga karibu vidole vilianza kutetemeka, na mstari uliokuwa unakwenda sawa ukapinda. Ndiyo maana wiki za mvua nilikwenda shule na mistari ya twende kilioni yenye kona, na wenzangu wakaniuliza nimesukwa ndani ya gari?

Nilikutetea sana kwa zile kona, Mama. Niliwaambia ni mtindo wa kwenu Kasulu.

Leo mimi ni msusi, na nikikishika kichwa kilichosukwa na mtu mwingine naweza kujua mkono uliopinda mstari kwa sababu haujui kazi na mkono uliopinda kwa sababu nyingine. Wako uliijua kazi vizuri kuliko wangu. Ilikuwa hofu. Miaka yote nilidhani ni hofu ya radi, basi, kama walivyo watu wengi.

Nilipoanza kujifunza ususi kule Kinondoni tuliambiwa kila mmoja aje na kioo chake cha mkononi. Nikaja kwako na furaha zangu zote. Nilitaka kifaa cha kwanza cha kazi yangu kitoke kwako, uliyenifundisha kusuka kabla ya mwalimu yeyote. Ulikuwa unachambua mchele. Hukuinua kichwa.

"Mkono wangu si wa kununua vioo, mwanangu. Mwambie kaka yako."

Nikaondoka nimenuna. Niliona umeidharau kazi yangu, kwamba ulitaka niwe karani ofisini, nibebe mkoba. Elia alininunulia kioo, na kila nilipokishika kwa mwaka mzima nilikuwa nakunung'unikia kimoyomoyo. Yale maneno yako sikuyaelewa, lakini sikuyasahau.

Kisha ikaja siku ya kufungua saluni. Mchungaji alikuja, majirani walikuja na sambusa, Elia alikuja na mkewe na watoto wote. Wewe uliomba kwa simu, sala ndefu na nzuri, tukaiweka kwa sauti kubwa kila mtu akasema amina. Ukaniambia Mbagala ni mbali. Mama, kabati lile zito la vyombo lilitoka Mbagala likafika Boko ulipohamia kwa Elia, na hukusema ni mbali. Nikasubiri kiangazi, nikijua mvua hazipo, huna sababu. Kiangazi ukasema vumbi. Kiangazi kilichofuata ukasema magoti. Na magoti hayohayo yanakupeleka kwaya ya akina mama Bunju kila wiki bila kulalamika! Nilikuwa nalia, nakwambia ukweli. Wateja waliniuliza, mama yako mzima? Nikawaambia mzima wa afya. Wakabadili mazungumzo kwa adabu, na hilo liliniuma kuliko kama wangeuliza tena.

Wakati wote huo na mimi nilikuwa nafunika. Kila kioo nilikinunulia kanga yake. Ngurumo ya kwanza tu, mimi na msaidizi wangu tunarukia kanga, na wateja wanatuhimiza. Sikuwahi kujiuliza. Ungeniuliza kwa nini, ningekwambia Mama alifunika.

Masika yaliyopita tulikuwa na bibi harusi kwenye kiti, mtoto wa hapahapa mtaani. Nimekwishamchora nyusi moja, ya pili bado, ngurumo ikapita juu ya bati. Shangazi yake akaruka. "Vioo jamani, vioo! Mtaniulia mtoto siku ya harusi yake!" Tukafunika vyote, tukafunga na pazia. Sasa mpambaji anapima usawa wa nyusi kwenye kioo, maana ukimtazama mtu ana kwa ana jicho linakudanganya. Nikachora ile ya pili kwa kukisia. Gari likaanza kupiga honi nje, tukafunua, bibi harusi akajitazama. Nyusi moja ilikuwa mahali pake. Nyingine ilikuwa imepanda juu, na kila alipomtazama mtu ilikuwa kana kwamba anamwuliza swali. Akaanza kulia, na wanja ukaanza kushuka.

"Nyusi zinafutika," shangazi akasema. "Radi haifutiki."

Hapo sauti ikatoka ndani ya draya. Kulikuwa na mwalimu wa sekondari, anafundisha fizikia, tulikuwa tumemsahau kabisa.

"Dada," akaniita, "umehangaika kufunika vioo, halafu mie umeniacha kichwa kimo ndani ya mashine iliyochomekwa ukutani. Nichomoe kwanza, ndo uendelee na kanga zako."

Tukacheka hadi bibi harusi naye akacheka. Nikamchomoa. Alipotoka, huku rola zimejaa kichwani, akatueleza, tena bila kutudharau. Kwamba radi inatafuta kilichochomoza: mti mrefu, mnazi, mnara, mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Kwamba ikipiga nguzo au nyumba inaweza kufuata waya mpaka ndani, ndiyo maana vitu vya umeme vichomolewe. Kioo kinaonyesha mwanga wa radi, unashtuka, basi. Hakiiti chochote. Wala nguo nyekundu haiiti.

"Mbona watu wote wanafunika?" shangazi akauliza.

"Hata mie nikiwa kwa mama mkwe nafunikaga," mwalimu akasema. "Nina ndoa ya kuilinda."

Nilimwelewa yule mwalimu. Kichwa kilielewa, Mama, mikono ikakataa. Mvua iliyofuata nilichomoa draya kama alivyosema, halafu nikafunika vioo vilevile. Nikajiambia kufunika hakumdhuru mtu. Hayo ndiyo niliyokuwa nayaamini mpaka Mjomba Yona alipokuja.

Unajua alikuja kutibiwa macho, na kabla ya kuletwa kwenu Boko alifikia kwangu. Siku hiyo alikuwa amekaa saluni ananisubiri nifunge, jicho moja lina bandeji. Mvua za kwanza zikaja na ngurumo zake. Nikaanza kuzitoa kanga, nikamwona Mjomba, mzee mzima, anainuka kunisaidia, anaifunga kona ya kanga kwenye msumari kwa mkono uliozoea. Tulipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mama yako bado hanunui vioo?"

Nikasema hanunui, na sababu siijui.

"Hakukwambia habari ya Tabitha?"

Nilijua tu kwamba ulikuwa na mdogo wako, Mama mdogo Tabitha, aliyekufa kwa radi kule Kasulu mkiwa wasichana. Ulilisema mara moja, na ulivyolisema nilijua hutaki swali. Mjomba akaketi, akanieleza. Wakati ule alikuwa mdogo lakini alikuwapo.

Akasema uliuza maharage yako mnadani ukarudi na kioo cha duara cha kushika mkononi, chenye fremu ya plastiki nyekundu. Kilikuwa zawadi ya Tabitha, kwa sababu kila ulipomsuka alikusumbua kwamba anataka kujiona. Alikwenda nacho kila mahali, mpaka shambani. Siku hiyo mlipalilia, mkapumzika, ukamsuka. Mvua ikatokea upande wa Burundi, wote mkaanza kukimbia. Wewe ulirudi nyuma kuchukua kitana mlichokisahau. Tabitha na wenzake wakatangulia, wenzake wakaendelea na njia, yeye akasimama kujikinga chini ya mvule, mahali ambapo kijiji kizima kilikuwa kinajikinga. Alikuwa anajitazama. Mjomba, aliyekuwa mbele anakimbia, aligeuka kumwita, akamwona anajitazama na anacheka.

Mvule ulipasuka kutoka kileleni mpaka kwenye mizizi. Mama mdogo mlimkuta chini. Kioo kilikuwa pembeni yake, kizima, hakina hata ufa.

Na msibani mama mmoja, Mjomba hakumbuki jina lake au hataki kulitaja, alikiinua kile kioo mbele ya watu akasema: "Hiki ndicho kilichoita. Tena chekundu. Nani alimletea?" Watu wote waligeuka wakakutazama.

"Toka pale mama yako hakulia tena," Mjomba akasema. "Alikaa tu, anaangalia mikono yake."

Mama. Mkono wangu si wa kununua vioo. Nilikuwa na hayo maneno yako kwa miaka yote na nilidhani yanahusu saluni.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilikukumbuka pale mkekani, vidole vinatetemeka kwenye nywele zangu, na nikaelewa kwamba kila radi ilipopiga ulikuwa unamsuka Tabitha. Nikaelewa kitenge cha kanisani. Nikaelewa kwa nini hata kiangazi, mbingu nyeupe kabisa, hukuweza kuja kukaa kwenye chumba chenye vioo vinne vya binti yako. Nilikuwa nimekununia kwa jambo ambalo ulikuwa unanikinga nalo. Uliamini kwamba mkono wako ukinunua kioo, mtu anakufa.

Basi nisikilize, na wote wanaosoma wasikilize. Nilimwuliza Mjomba swali moja tu. Baada ya msiba, mvua ilipokuja, mlijikinga wapi? Akanishangaa. "Chini ya miti. Ungejikinga wapi?" Kijiji kizima, Mama, kilitoka kwenye kaburi la mtoto aliyepigwa na radi chini ya mti, kikakizika na kile kioo, kama alivyonieleza Mjomba, kikaenda kujikinga chini ya mti mwingine. Mti uliopasuka wote waliuona. Kioo kisicho na ufa wote walikiona. Wakakihukumu kioo. Na kwa kuwa kioo hakina masikio, hukumu ikakuangukia wewe.

Nina hasira. Nimejaribu kuitoa nikashindwa, kwa hiyo naiandika. Wale nao walikuwa na msiba na walikuwa na hofu, najua. Nadhani walitaka kitu ambacho mtu anaweza kukifanyia jambo. Kioo unaweza kukitupia kitenge, ukakaa, ukajiona uko salama. Mvule utaufunika na nini? Nawasamehe kwa kutojua. Kwa lile swali, nani alimletea, bado sijawasamehe, na ukiniombea kanisani niombee hapo.

Kioo hakikumwita Mama mdogo. Wekundu wake haukumwita. Radi ilifuata mti mrefu, na yeye alikuwa chini yake, kama ambavyo ungekuwa wewe, au Mjomba, au yule aliyeuliza. Ungemnunulia sufuria au daftari siku ile, mvule ungepasuka vilevile. Ulimpa mdogo wako kitu alichokitamani, na Mjomba anasema dakika ile ya mwisho alikuwa anacheka. Hicho ndicho mkono wako ulichofanya. Walikutuhumu mbele ya watu, kwa hiyo na mimi nimekataa kukutetea chumbani.

Ndiyo maana sifuniki tena. Zamani nilijiambia kufunika hakumdhuru mtu, sasa najua kunamdhuru mtu mmoja, yuko Boko. Kila nikitupia kanga kwenye kioo ninakaa upande wa wale waliogeuka kukutazama. Zile kanga nimezigawa. Kuna wateja wamehama, wamekwenda kwa jirani anayefunika, na mmoja amesema mimi ni mama nisiyemcha Mungu. Aende salama, kichwa chake kilikuwa kigumu kukisuka hata hivyo. Waliobaki wamezoea taratibu yangu: ngurumo ikianza kila kitu kinachomolewa, na aliye chini ya mkungu anaitwa ndani, awe na nywele au kipara. Nitawaita hata wakinitukana. Kwa hili Mama sirudi nyuma, hata wewe ukinisihi.

Kwa hiyo njoo. Njoo masika haya haya, usiniambie kiangazi. Nimeshaongea na Elia, atakuleta kwa gari, na habari ya magoti mtaimalizia njiani. Nitakuosha nywele, nitakupaka mafuta ya nazi, nitakusuka twende kilioni iliyonyooka, ili ujue ile ya Kasulu ilivyotakiwa kuwa. Nitakukalisha mbele ya kile kioo kikubwa na hakitakuwa na kanga. Mjomba anasema mlifanana sana wewe na Mama mdogo, hata mwalimu wa shule ya Jumapili aliwaita wote kwa jina moja. Basi utamwona hapo, na mvi zake, na mikunjo yake, jinsi ambavyo angekuwa leo. Ukitaka kulia, lia. Hii ni saluni ya wanawake, tumezoea. Na radi ikipiga nitakuwa nimesimama nyuma yako, na mstari wangu hautapinda.

Ombi langu ni moja, usije mikono mitupu. Kile kioo cha mkononi alichoninunulia Elia kilishaanguka kikavunjika, na sijanunua kingine. Wateja wananilaumu hawaoni visogo vyao. Nimeamua kusubiri. Mahali popote njiani, mwambie Elia asimamishe gari, akae humohumo ndani. Shuka wewe, kichague wewe, kilipie wewe, kishike kwa mkono wako mpaka huku kwangu. Nataka cha duara. Na ukikuta chekundu, Mama, chukua chekundu.

Nakusubiri mlangoni,

binti yako, uliyekuwa kioo chake.